Mchwa, sisimizi na kisima cha jirani: uchambuzi wa kisa kimoja Mbeya

Nyumba na mazingira yake

Nyumba iko pembezoni mwa Mbeya, upande wa Mbalizi. Majina, mtaa na kazi za wahusika nimeviondoa. Vipimo na mfuatano wa mambo nimeviacha, kwa sababu bila hivyo kisa hakimsaidii mtu.

Ni nyumba ya vyumba vitatu: matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, sakafu ya zege, kenchi za paina, bati. Mzingo wake kwa nje ni mita 44. Wakati kisa kinaanza ilikuwa na miaka minne tangu ikamilike. Mwenye nyumba ni mama anayeishi na wajukuu wawili, na ana kuku wachache wanaoparura uani kutwa nzima. Upande wa jikoni, mita tisa kutoka ukutani na kwenye mteremko, kuna kisima cha kuchimba kwa mkono. Ni cha jirani, lakini maji ya bomba yakikatika nyumba kadhaa huchota hapo.

Udongo wa pale ni ule wa majivu ya volkano uliochanganyika na pumisi, yale mawe mepesi ya volkano: mwepesi, wenye matundu, ukimwaga ndoo ya maji yamezama kabla hujageuka. Kwa mkulima ni neema. Kwa anayetaka kumwaga dawa karibu na kisima ni habari nyingine kabisa.

Mambo yalivyokwenda

Novemba, mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi walitoka ndani ya nyumba. Walipenya kwenye ufa kati ya sakafu na fremu ya mlango wa stoo, jioni, taa zikiwa zimewashwa. Wajukuu walileta sufuria. Bibi yao hakucheka. Kumbikumbi wakitoka uani ni kitoweo, wakitoka stoo ni dalili kwamba kundi lililokomaa lina njia ya kuingia ndani. Na kundi la mchwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi, kwa hiyo hawa yawezekana walikuwapo kiwanjani kabla ya nyumba.

Siku hizo hizo sisimizi wadogo walianza kupanga foleni jikoni, kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Mama aliwachukulia wote kuwa tatizo moja, wadudu, na akaenda duka la pembejeo kutafuta dawa moja.

Muuzaji hakuuliza ni wadudu gani, wanatoka wapi, wala kama kuna kisima. "Mama, chukua hii," akamwambia. "Hii wafugaji wanaogeshea ng'ombe, kupe wote chini. Mchwa ni nani?" Ilikuwa saipamethrini. Mama alichanganya bomba moja la mgongoni, lita 20, akapiga pembe za sakafu, fremu, jikoni kote na ukuta wa nje. Asubuhi alifagia wafu wengi na moyo wake ukatulia.

Haikupita muda mrefu, njia ya udongo ikaonekana nyuma ya kabati la stoo, mahali ambapo haikuwapo. Sisimizi nao, badala ya foleni moja jikoni, sasa walikuwa na foleni vyumba viwili vya kulala.

Shemeji yake akaja na dumu la oili chafu ya gari. Alimwaga kwenye fremu ya stoo na kwenye mfereji mwembamba aliouchimba kandokando ya ukuta. Fremu ikawa nyeusi, stoo ikanuka gereji, na mchwa wakaonekana juu, kwenye kona ya dari, wamepanda kwa ndani ya ukuta. Hapo ndipo mama alipoogopa kwelikweli, kwa sababu juu ya dari kuna kenchi.

Mapendekezo mawili yakafuata. Mzee jirani alitoa kopo la unga mweupe lisilo na lebo, alilolihifadhi tangu enzi za shamba la kahawa Mbozi: "Mwanangu, hii hata nyoka harudi." Na mpiga dawa mmoja wa mjini akaja, akazunguka nyumba kwa macho, akataja bei ya kufukiza nyumba nzima. Mama hakulikubali lolote hadi nyumba ikaguliwe, na ndipo nilipoombwa kuja kuangalia.

Ukaguzi

Tulianza na swali ambalo duka halikuuliza: hawa ni mchwa gani? Wako mchwa wanaoishi ndani ya mbao kavu zenyewe, hawahitaji kugusa ardhi. Hao huacha vinyesi vikavu vilivyomwagika chini ya mbao kama punje za ulezi. Na wako wanaoishi ardhini, wanaopanda kwa njia za udongo kwa sababu ngozi yao haistahimili hewa kavu. Stoo hapakuwa na punje hata moja. Palikuwa na udongo tu: njia zenye upana wa penseli, na ndani ya fremu, ukichokoa na bisibisi, mbao ilikuwa imejazwa udongo mahali ilipoliwa. Jambo hilo peke yake liliondoa wazo la kufukiza. Moshi au mvuke unaojaza chumba hauwafikii mchwa ambao kiota chao kiko ardhini nje ya nyumba. Utaua waliomo ukutani siku hiyo, na wengine watapanda kesho.

Tulivunja kipande cha njia ya udongo nyuma ya kabati, urefu wa kidole, tukaiacha. Kesho yake ilikuwa imezibwa kwa udongo mbichi, wa rangi iliyokoza kuliko uliobaki. Maana yake njia inatumika. Njia kavu isiyorekebishwa inaweza kuwa ya zamani, na watu hupoteza dawa kwa kupiga njia zilizokufa.

Nje tulikuta mambo matatu. Tanki la maji lilikuwa likifurika usiku na kulowesha kona ya stoo. Kiunga cha maua kilikuwa kimeegemezwa ukutani, udongo wake na matandazo vikipita juu ya msingi, kwa hiyo mchwa walikuwa na ngazi isiyoonekana. Na tulipochimba kidogo penye kona hiyo tulitoa vipande vya mbao za fomu na mifuko ya karatasi ya saruji, vilivyofukiwa na mafundi wakati wa ujenzi. Hii ni kawaida mno. Fundi akifagia kiwanja, takataka huishia kwenye kifusi, kifusi huishia chini ya sakafu, na mchwa wanapewa chakula cha kuanzia.

Kwenye dari, kenchi zilikuwa na rangi ya kijani, na mama aliambiwa aliponunua kuwa ni mbao zilizotiwa dawa. Tulikata ncha ya ubao mmoja uliojitokeza. Kijani kiliishia juu ya ngozi ya ubao, ndani ilikuwa nyeupe safi. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo huonyesha rangi ikiingia ndani. Hii ilikuwa imepakwa tu. Mikoa yetu hii inayolisha nchi kwa paina, na shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, liko hapo hapo jirani, bado mtu anauziwa rangi akidhani ni dawa.

Sisimizi tuliwaangalia tofauti. Tuliweka tone la asali na kipande kidogo cha mafuta ya kupikia kwenye karatasi. Wote walikwenda kwenye asali.

Na jioni moja, nyuma ya uzio, tuliona jambo lililobadili mpango. Safu ya sungusungu weusi, wale wanaong'ata na kutoa mlio mdogo ukiwasumbua, ilikuwa ikirudi kutoka kwenye kichaka. Karibu kila mmoja alikuwa amebana mchwa kadhaa kinywani. Sungusungu wa aina hii huishi kwa kuvamia mchwa, hawana chakula kingine cha maana. Bomba la saipamethrini lililopigwa ukutani mwezi uliotangulia lilikuwa linawaua hao pia.

Kuchagua dawa

Kopo la unga mweupe lilikuwa la kwanza kuondolewa. Dawa za mchwa za enzi hizo zilikuwa aldrini, dieldrini, heptaklo na klodeni, na zote zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu katika mazingira. Zinadumu ardhini miaka mingi, na huingia kwenye mafuta ya mwili wa mtu na mnyama. Kopo lisilo na lebo lilihesabiwa kuwa mojawapo ya hizo hadi ithibitike vinginevyo. Mzee hakupenda, lakini alikubali likae limefungwa, mbali na watoto, mpaka litakapokabidhiwa kwa watu wa viuatilifu wa serikali. Kulitupa kwenye shimo la taka kungekuwa kulipeleka kisimani kwa njia ndefu.

Dukani kulikuwa na dawa nne zenye maana kwa mchwa wa ardhini, na mjadala wetu mkubwa ulikuwa hapa.

Klorpirifosi ndiyo fundi wengi wa ujenzi wanaijua, na inashika udongo vizuri. Lakini ni ya kundi linalovuruga mishipa ya fahamu ya binadamu: mtu aliyeathirika hutokwa jasho na mate, mboni za macho hupungua, misuli hutetemeka. Marekani karibu matumizi yake yote ya majumbani yalianza kuondolewa kwa makubaliano ya 2000, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha, pamoja na misamaha ya muda. Sakafu inayotobolewa chumba wanacholala watoto haikuwa mahali pake.

Bifenthrini haihami. Inajing'ang'aniza kwenye udongo na karibu haiyeyuki kwenye maji, na kwa nyumba yenye kisima hilo ni jambo kubwa. Shida ni kwamba inafukuza. Mchwa wakiihisi hugeuka na kutafuta upenyo, kwa hiyo ukuta wa dawa lazima uwe kamili bila pengo. Nyumba iliyokwishajengwa ina mapengo mengi usiyoweza kuyafikia. Saipamethrini ni ya ukoo huo huo, na ndiyo maana mchwa wa stoo walihamia nyuma ya kabati: hawakuuawa, walielekezwa.

Imidaklopridi haifukuzi. Mchwa hupita ndani yake bila kujua na kudhoofika baadaye. Ingefaa, ila inayeyuka kwenye maji kwa urahisi kuliko zote nne. Udongo wa pumisi, mvua za Mbeya, kisima mita tisa. Haikuhitaji kura.

Fipronili nayo haifukuzi, inaua polepole, na mchwa aliyeigusa huwapaka wenzake wanapolambana na kulishana kabla hajafa. Kwenye maji huyeyuka kidogo sana. Ubaya wake uko kwa nyuki, samaki na kuku. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Ulaya kwa sababu fipronili ilitumika kwenye mabanda nchini Uholanzi na Ubelgiji. Kuku wa mama huyu wanaparua pembeni mwa ukuta, mahali hasa ambapo dawa ingemwagwa.

Uamuzi ukawa fipronili kwa pande tatu, kuku wafungiwe hadi mfereji ufukiwe na kukauka, na upande wa nne, ule wa kisima, usiguswe na dawa yoyote ya udongo. Shemeji alipinga. "Sasa si tunawaachia mlango?" Swali lake lilikuwa la haki. Jibu lilikuwa kwamba mlango huo utalindwa kwa jembe na macho: kiunga kiondolewe, udongo ushushwe hadi msingi uonekane sentimita kumi na tano, kuni zihamishwe, na ukuta wa chini uachwe wazi ili njia yoyote ya udongo ionekane.

Kwa sisimizi, chambo. Gramu 5 za asidi ya boriki, gramu 50 za sukari, nusu lita ya maji ya moto, pamba ikalowekwa na kutiwa ndani ya vichupa vyenye tundu dogo kwenye kifuniko, juu ya makabati ambako watoto hawafiki. Ni asilimia 1 tu. Ukizidisha wanafia njiani kabla ya kumfikishia malkia. Na uani, hakuna kupiga sungusungu.

Kazi yenyewe

Mvua zilikuwa bado zinaendelea, na udongo uliojaa maji haunywi dawa, unaitiririsha. Kazi ikagawanywa. Ndani ilifanyika Januari: matundu ya drili kwenye sakafu, kila sentimita 30, kufuata ukuta wa stoo na korido, dawa ikamiminwa taratibu na matundu yakazibwa kwa saruji. Fremu ya stoo iling'olewa yote. Mpya ilipakwa dawa ya boroni mara mbili kabla ya kuwekwa, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Boroni huoshwa na maji, kwa hiyo ni ya mbao za ndani tu.

Nje ilisubiri hadi mwishoni mwa Mei. Mita 34 za ukuta zilichimbwa mfereji wa upana na kina cha sentimita 15, chini yake udongo ukalegezwa kwa mtaimbo. Kiwango cha kawaida cha kazi hii ni kama lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya ukuta kwa kina cha sentimita 30, yaani lita 170. Chupa ilikuwa ya gramu 50 kwa lita, lebo yake ikitaja mchwa wa majengo na mchanganyiko wa asilimia 0.06, sawa na mililita 12 kwa kila lita ya maji. Zilitumika lita mbili na kidogo za dawa. Udongo uliorudishwa nao ulinyunyiziwa kadiri ulivyofukiwa.

Linganisha lita 170 kwa pande tatu na lita 20 ambazo Novemba zilipigwa nyumba nzima, ndani na nje, ukutani juu juu. Hata dawa sahihi kwa kiasi kile isingefika walipo mchwa.

Aliyepiga alivaa buti, glavu za mpira na miwani. Glavu za kitambaa hunyonya dawa na kuibandika mkononi, ni afadhali mikono mitupu inayonawa mara moja, na hata hiyo siishauri. Chupa tupu ilisuuzwa mara tatu, maji ya kusuuza yakarudi kwenye bomba, kisha ikatobolewa. Chupa nzuri isiyotobolewa hurudi sokoni na mafuta ya taa ndani.

Matokeo

Sisimizi waliongezeka kwenye vichupa siku mbili za mwanzo, na mama alipiga simu akitaka kupuliza. Aliombwa avumilie. Baada ya wiki mbili hivi foleni zilikwisha, zikarudi kidogo Machi, na chambo kipya kikazimaliza.

Njia za ndani zilikauka mwezi ule ule wa Januari. Ile tuliyovunja mara ya pili haikuzibwa. Kona ya dari ilikaa kimya. Novemba iliyofuata kumbikumbi walitoka uani tu, upande wa mbali na nyumba, na sufuria ikatoka tena.

Mwezi Desemba njia moja ya udongo ilionekana upande wa kisima, kwenye ukuta ulioachwa wazi, imefika nusu ya kuelekea dirisha la jikoni. Mama aliiona asubuhi akitoa majivu, akaivunja kwa jembe na kufuatilia chini hadi kwenye kipande cha ubao kilichosahaulika. Tangu hapo hupita upande huo kila Jumamosi.

Uchambuzi

Muuzaji wa duka ndiye aliyeanza na jibu. Alipima ukali wa dawa kwa kupe, na ukali haukuwa na uhusiano na tatizo. Mchwa wa ardhini wanahitaji dawa wasiyoitambua, sisimizi wanahitaji sumu dhaifu watakayoibeba nyumbani, na dawa kali inayoua papo hapo inashindwa kotekote kwa sababu ile ile: inaua walio mbele yako. Kufagia wafu asubuhi ndiko kulikomdanganya mama.

Oili chafu sioni la kuitetea. Ililazimisha plasta ya kona ile kukwanguliwa yote, kwa kuwa plasta mpya haishiki penye oili, na kwa udongo ule unaopitisha maji haraka, sehemu yake huenda sasa inashuka kuelekea maji ya chini.

Kuacha upande mmoja bila dawa ndiko kunakozua ubishi zaidi ninapokieleza kisa hiki kwa mafundi. Wengine wanasema tungetumia bifenthrini pale, kwa sababu haihami. Hoja ina uzito. Lakini kutohama kunategemea udongo kuwa na mfinyanzi na mboji vya kuishika, na ule ulikuwa na mawe ya pumisi yenye nafasi unazoziona kwa macho. Dawa inaweza kushuka na maji kupitia matundu hayo kabla ya kushika chochote. Mchwa wakila fremu ya dirisha, inabadilishwa. Kisima cha nyumba kadhaa hakibadilishwi.

Kilichopungua ni ukuta wa kati, baina ya stoo na chumba cha pili. Ulijengwa juu ya msingi wake wenyewe, na matundu yalipigwa upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili una vigae ambavyo mama hakutaka vitobolewe. Mpaka sasa hakuna dalili hapo, ila ndipo pa kuangalia kwanza. Kazi ya ukaguzi ingekuwa nyepesi kama lebo za dawa zote zilizotumika tangu mwanzo zingehifadhiwa; ile chupa ya saipamethrini ilitambuliwa kwa harufu na kwa kumrudia muuzaji.

Gharama kubwa haikuwa dawa. Ilikuwa vibarua wa kuchimba, drili ya kukodi na fremu mpya. Fundi akimwaga dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya zege la sakafu, na kuokota mbao zake, matundu yale yote yasingehitajika.

Yanayoendelea

Bomba la kufurikia la tanki limepelekwa mbali na ukuta. Kenchi zilizopakwa rangi zimeachwa zilivyo, na mfuniko wa dari wa stoo umefanywa wa kufunguka ili ziangaliwe kila mwanzo wa mvua. Kopo la mzee bado limefungwa. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua kazi za TPRI, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, baada ya sheria ya 2020, ndiyo inayohusika na dawa za namna hiyo, na afisa kilimo wa kata ameombwa aunganishe mawasiliano.